Mahali Mchwa Hawafiki



Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mkulima mmoja wa upande wa Limuru, mtu mwenye hati nzuri na maneno yasiyozunguka. Asema kwamba watoto wake hurudi kutoka shule ya Jumapili wakiwa wamepewa mistari ya Biblia waishike kwa moyo, na kila jioni huikariri kwa sauti kubwa hata yeye hasikii habari za bei ya maziwa katika redio. Kisha auliza: kuna faida gani? Simu yake ina Biblia nzima, ya Kiswahili na ya Kikuyu pia, na akitaka mstari wo wote huupata kabla chai haijapoa. Je, si kuwachosha watoto bure kuwapa mzigo ambao chombo kidogo cha mfukoni chaweza kuuchukua?

Swali hili ni la haki, wala sitalijibu kwa dharau, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nalo kwa miaka mingi. Nilisomeshwa katika shule ya upili ya misheni, ambako tulipewa mstari siku ya Jumatatu na kuulizwa siku ya Ijumaa. Tuliushika kama tulivyoshika majina ya mito na tarehe za vita, yaani mpaka saa ya kuulizwa tu, na Jumamosi ulikuwa umekwisha kuruka. Baadaye nikawa karani wa serikali, nikanunua simu, nikatia Biblia ndani yake, nikajiona nimemaliza kazi. Jambo lililonigeuza lilitokea usiku mmoja, nami nitalisimulia kama lilivyokuwa.

Nyanya yangu aliishi nasi hapa Kitisuru katika miaka yake ya mwisho. Wageni wakija huku leo huona nyumba kubwa, kuta ndefu na walinzi malangoni. Lakini yeye aliijua Kitisuru ilipokuwa mashamba ya kahawa ya walowezi, kabla ya Uhuru wa mwaka 1963. Alichuma kahawa hapa tangu alipokuwa msichana, debe kiunoni, katika baridi ya asubuhi ya mwezi wa Julai. Wakati ule ule alikuwa akifundishwa ili abatizwe, na mwalimu wa dini aliwataka wanafunzi wake wasimame mbele yake mmoja mmoja na kusema kwa moyo Sala ya Bwana, Amri Kumi, Imani ya Mitume na Zaburi kadha wa kadha. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha mwalimu. Basi nyanya alifanya hivi: alipoingia katika mstari wa mikahawa alichukua mstari mmoja wa Zaburi, akausema polepole mpaka mwisho wa miti ile, akigeuka kuingia mstari wa pili wa miti, alichukua mstari wa pili wa Zaburi. Mara nyingi alituambia kwamba kahawa ilikwenda Ulaya na Zaburi ikabaki kwake.

Mwishowe aliugua, akalazwa katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho. Usiku wa pili mvua ilinyesha sana, taa za umeme zikazimika, ikabaki moja tu kwa mbali katika ujia. Nilikuwa nimeketi karibu na kitanda chake. Simu yangu nayo ilikuwa imeishiwa nguvu kwa sababu ya kuwapigia jamaa mchana kutwa.

Akasema, "Mume wangu," kama nyanya wa Kikuyu wawaitavyo wajukuu wao wa kiume kwa mapenzi, "nisomee ile ya mchungaji."

Nikamjibu, "Cucu, simu imezimika."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilikuomba Zaburi. Sikukuomba simu."

Nikaanza. Mstari wa kwanza nikausema, na wa pili nikausema. Katika wa tatu nikachanganya maneno, nikarudi nyuma, nikakwama kabisa. Mimi niliyesoma miaka mingi, nipitishaye faili na barua za watu kutwa nzima, sikuweza kumpa mgonjwa wangu mistari sita. Basi yeye mwenyewe akaishika Zaburi pale nilipoiangusha, akaendelea nayo kwa Kikuyu, polepole, kama mtu atembeaye kati ya miti aijuayo. Alipofika katikati, mama mmoja wa kitanda cha pili alijiunga naye kwa Kiswahili, na mwingine katika giza, nadhani alitoka Ukambani, akajiunga kwa lugha yake. Wakamaliza pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika simu isiyo na uhai mkononi, na naikumbuka aibu ile hata leo. Siku tisa baadaye alifariki dunia.

Basi, rafiki yangu wa Limuru, hapo ndipo nilipojifunza tofauti. Neno lililo katika kitabu humngoja mtu akifungue. Mara nyingi hilo latosha, wala hakuna ubaya. Lakini ziko saa ambazo mkono hauwezi kufungua kitu: saa ya homa kali, saa ya giza, saa ya kifungo, saa ya msiba wa ghafula, na saa ya jaribu liingialo mlangoni bila kubisha hodi. Katika saa kama hizo mtu hula kilichomo ghalani mwake. Wewe mkulima wajua kwamba hakuna apandaye mahindi siku ya njaa.

Twapenda kudhani ya kuwa wazee wetu walishika Maandiko kwa moyo kwa sababu ya umaskini wa vitabu peke yake. Ni kweli vitabu vilikuwa haba. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka ule ule akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Walakini tafsiri ile iitwayo ya Muungano, ambayo wengi wetu tumekua nayo, ilitoka kamili mwaka 1952 tu. Hapa jirani yetu, Kabete, palikuwa na misheni ya C.M.S. tangu mwanzo wa karne ya 20, na Padre Harry Leakey wa misheni hiyo alikuwa mmoja wa walioshughulika na tafsiri ya Kikuyu. Hata hivyo Agano Jipya zima kwa Kikuyu lilipatikana mwaka 1926. Kabla ya hapo Mkristo alikuwa na vipande vipande. Katika Buganda hali ilikuwa kama hiyo: Alexander Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, na karatasi chache zilipita mikono mingi.

Lakini ajabu ni hii. Wakristo wale wa kwanza waliitwa na jirani zao "wasomaji": huko Buganda waliitwa abasomi, na kwetu Ukikuyu athomi. Waliitwa wasomaji, na kumbe walisoma ili washike. Waliouawa Namugongo tarehe 3 Juni, 1886, wengi wao vijana, hawakuwa na maktaba ya kutegemea. Tena, Biblia ya Kiganda ilipotoka nzima mwishoni mwa karne ile, ilipigwa chapa katika umbo dogo na nene, kusudi iweze kuingia katika kopo la biskuti, isiliwe na mchwa. Ilikuwa hekima njema. Lakini wazee walijua pia mahali pengine ambapo mchwa hawafiki, nao hawakungoja kopo.

Wala si umaskini wa Afrika ulioanzisha desturi hii. Maandiko yenyewe yaliumbwa yapate kushikwa. Tazama Zaburi ya 119, ambayo wengi huiogopa kwa urefu wake. Ina mistari 176, nayo imegawanywa katika mafungu 22 yenye mistari minane minane. Kwa nini 22? Kwa sababu alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, na katika kila fungu mistari yote minane huanza kwa herufi moja: fungu la kwanza kwa herufi ya kwanza, la pili kwa ya pili, mpaka mwisho. Sifa za mke mwema katika Mithali 31 nazo zina mistari 22 kwa utaratibu huo huo. Mtoto wa Kiebrania aliyejua alfabeti yake alikuwa na kamba ya kuvutia Zaburi nzima. Mtungaji hakuandika kwa ajili ya rafu. Aliandika kwa ajili ya kumbukumbu za watu.

Na tumtazame Bwana mwenyewe jangwani, kama alivyoandika Mathayo katika sura ya 4. Alikuwa na njaa ya siku arobaini, peke yake, wala hatusomi kwamba alikuwa na gombo la chuo mkononi. Alijaribiwa mara tatu, na mara zote tatu alijibu kwa maneno ya kitabu kimoja, cha tano cha Musa. Sisi tusomao Kiswahili tunalo jina zuri la kitabu hicho: Kumbukumbu la Torati. Alijibu kwa Kumbukumbu kwa sababu yalikuwa katika kumbukumbu.

Hapa najua msomaji mwenye akili ataniuliza: Je, shetani hakujua Maandiko? Kweli, aliyajua. Katika jaribu la pili alitaja Zaburi ya 91 bila kufungua kitabu, akaigeuza Zaburi ya kumtumaini Mungu iwe sababu ya kumjaribu Mungu. Kwa hiyo sisemi hata kidogo kwamba kushika maneno peke yake kwamfanya mtu kuwa mwema. Kasuku hujua salamu zote za nyumbani, naye hana mgeni. Sote tumewaona watu wasemao mistari asubuhi katika maombi, na mchana wakala haki ya mjane. Tena mfumo wetu wa zamani wa shule ulilaumiwa, na kwa haki, kwa kuwajaza watoto maneno wasiyoyaelewa.

Katika jambo hili lugha yetu yenyewe yatufundisha. Tunayo maneno mawili. Kukariri ni kusema tena na tena. Hiyo ni kazi ya ulimi. Kuhifadhi ni kushika kwa moyo, lakini ni kulinda pia: twahifadhi mbegu, twahifadhi misitu, twahifadhi fedha. Ndugu zetu Waislamu wa Mwambao humwita hafidhi mtu aliyeishika Kurani yote, sura zake 114, nao huwaanzisha watoto chuoni kwa sura fupi fupi za mwisho. Neno ni la asili moja. Kukariri ni njia, na kuhifadhi ndiko mwisho wa safari. Mtu akikariri bila kufikiri, amesimama njiani. Lakini asiyekariri hata kidogo hakuondoka nyumbani.

Nitatoa ushuhuda mmoja wa mambo ya ofisini, ingawa si wa kunisifu. Nilipokuwa karani mgeni kazini, mtu mmoja alileta karatasi zake, na ndani ya faili mlikuwa na bahasha. Alitaka tu faili yake itangulie nyingine. Ningependa kuwaambia kwamba niliirudisha papo hapo. Sikufanya hivyo. Niliitia katika saraka ya meza yangu, nikajiambia kwamba nitafikiri. Ndipo mstari mmoja wa Kutoka 23 ukanijia, ule wa nane, uonyao kwamba rushwa huwapofusha hata wenye kuona. Mmojawapo wa ile mistari ya Jumatatu niliyodhani imeruka. Sikuutafuta. Nisingeutafuta, kwa kuwa mtu aliyeficha bahasha hafungui Biblia kutafuta mstari wa kumhukumu. Ulinijia nikila chakula cha mchana, ukanijia katika matatu, ukanijia kitandani. Siku ya tatu nilimpigia yule mtu aje, nikampa bahasha yake mbele ya mwenzangu, na faili yake ikangoja zamu yake pamoja na nyingine.

Angalieni jambo hili, kwa maana kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Biblia iliyo katika simu hutii mkono wa mwenyewe. Akitaka kuifungua huifungua, na akiwa na hatia huiacha imefungwa. Neno lililohifadhiwa moyoni halina kifuniko. Huja kumfariji mtu asipokuwa na nguvu ya kulitafuta, tena huja kumkemea asipokuwa na nia ya kulitafuta. Kwa kazi hizi mbili hakuna chombo kitakachotufaa badala yake.

Sasa, yafanywe namna gani? Nitasema machache niliyojaribu mwenyewe tangu usiku ule wa hospitali.

Kwanza, soma sura nzima kabla ya kuchukua mstari. Mstari uliong'olewa peke yake ni kama mche usio na udongo. Ndivyo shetani alivyotumia Zaburi ya 91. Jua nani anena, na nani, na kwa sababu gani.

Pili, chukua kidogo. Mstari mmoja kwa juma ni mistari 52 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, Zaburi ya 23 ni kazi ya majuma sita, na Zaburi ya 121 ni majuma manane. Waraka kwa Wafilipi, ambao Paulo aliuandika akiwa katika minyororo, una mistari 104, yaani miaka miwili kamili. Mafundisho ya mlimani, Mathayo sura ya 5 mpaka ya 7, yana mistari 111, yaani miaka miwili na majuma saba. Miaka miwili itapita hata usipofanya neno lo lote.

Tatu, rudia kwa vipindi. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kushika silabi zisizo na maana, akatoa kitabu mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tuliyoyashika hutupotea upesi katika saa za kwanza, kisha upotevu hupungua. Tena kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku nyingi kwashinda kurudia kwingi kwa siku moja. Mkulima hahitaji Mjerumani amwambie hayo. Kupanda ni kwa siku moja, lakini palizi ni mara kwa mara, na palizi ya kwanza haingoji. Basi useme mstari wako jioni ile ile, kisha kesho, kisha siku ya tatu, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi.

Nne, sema kwa sauti, na katika lugha unayoomba nayo. Mimi niliifunza Zaburi ya 23 upya kwa Kikuyu, kama nilivyoisikia katika giza, ingawa shuleni niliisoma kwa Kiingereza. Andika mstari katika karatasi ndogo, uitie mfukoni. Safari yangu ya matatu kutoka Kitisuru kupita Westlands hata mjini huniudhi kwa msongamano wa magari; sasa ndiyo shamba langu la kahawa. Nayo simu si adui: jirani yangu mmoja hujirekodi sauti yake, akajisikiliza akikamua ng'ombe. Simu iwe mtumishi wa kukusaidia kushika, isiwe kisingizio cha kutoshika.

Tano, mfanye pamoja nyumbani. Torati, katika Kumbukumbu 6, yawaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno haya waketipo nyumbani, waendapo njiani, walalapo na waondokapo. Mtoto ambaye baba yake humwuliza mstari na yeye mwenyewe haujui atajifunza somo moja tu, kwamba jambo hili ni la watoto, naye atalivua pamoja na sare ya shule.

Kwa hiyo, rafiki yangu wa Limuru, nakuomba usiwanyamazishe wanao. Punguza sauti ya redio kidogo, kwa maana bei ya maziwa utaisikia tena asubuhi. Keti pamoja nao, uchukue Zaburi ya 121 yenye mistari minane, na kila mmoja wenu aanze na wa kwanza. Huenda wao watakushinda. Watoto hushika upesi kuliko sisi, na kushindwa na mwanao katika jambo hili si haya. Baada ya majuma manane uniandikie, unipe habari. Mimi nami naianza Zaburi hiyo juma hili, katika matatu ya saa kumi na mbili na nusu.

Nyanya yangu hakutuachia shamba wala fedha benki. Lakini katika matanga yake, jioni umeme ulipozimika tena kama ilivyo desturi ya huku kwetu mvua inyeshapo, mtu mmoja alianza Zaburi ile ya mchungaji, na wajukuu wote tukaisema mpaka mwisho. Binti yangu wa miaka sita alikuwa miongoni mwetu. Hakukosea hata neno moja.